Mganga Hajigangi: Nani Anapima Hewa ya Chumba cha Upasuaji?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Mtu akiingizwa katika chumba cha upasuaji, ndugu zake hubaki nje barazani wakimwombea. Dua zao zote huwa za mgonjwa wao: aamke salama, kidonda kipone, arudi nyumbani kwa watoto wake. Ni haki yao. Lakini mle ndani wamo watu wengine ambao hakuna anayewakumbuka katika dua hizo. Yumo mtaalamu wa nusukaputi aliyeketi karibu na kichwa cha mgonjwa. Yumo daktari mpasuaji, yumo muuguzi anayempa vifaa, na yumo mhudumu anayepangusa sakafu. Mgonjwa huyo atavuta dawa ya usingizi mara moja, labda mara mbili, katika maisha yake yote. Wao wataivuta leo, kesho na mwaka ujao, ingawa hakuna aliyekusudia kuwalaza.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Wiki hii nataka tuizungumzie hewa hiyo wanayoivuta waganga wetu, wa binadamu na wa mifugo, na tuulize swali moja tu: nani anaipima?

Hebu tulitazame jambo hili kwa utaratibu. Dawa za nusukaputi ziko za aina mbili kubwa: ziko za sindano, na ziko za kuvuta kwa pumzi. Leo nazungumzia hizi za pumzi. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, mganga wa meno aitwaye William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na mgonjwa akapasuliwa bila kupiga kelele. Mwaka uliofuata James Simpson wa Edinburgh, Scotland, akaanza kutumia klorofomu. Halotheni iliingia hospitalini mwaka 1956, na baada yake zikaja isoflureni na sevoflureni. Pamoja nazo iko gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo wengine huiita gesi ya kuchekesha, na ambayo waganga wa meno wa nchi nyingi huipenda sana.

Dawa hizi zina tabia moja inayofanana. Sehemu yake kubwa hutoka mwilini kwa njia ile ile iliyoingilia, yaani kwa mapafu. Mgonjwa huvuta, kisha hutoa. Je, anachokitoa huenda wapi? Kama hakuna bomba la kukipeleka nje, humwagika chumbani. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki zimefanya kazi kwa miaka mingi na mashine zinazovuta hewa ya chumbani na kuichanganya na mvuke wa dawa, mfano wake ile ya EMO iliyobuniwa Oxford, Uingereza. Ni mashine za kusifiwa, kwa sababu zinaweza kufanya kazi hata pasipo umeme wala mtungi wa gesi, na zimeokoa maisha ya watu wengi. Lakini valvu yake ya kutolea pumzi hukaa karibu na uso wa mgonjwa. Isipofungwa mpira wa kupeleka mvuke nje, kila pumzi ya mgonjwa humpiga usoni yule aliyeketi kichwani pake.

Kwa zaidi ya miaka 100 jambo hili halikuwashughulisha watu wengi. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Urusi ya Kisovieti, A. I. Vaisman, aliandika habari za wataalamu wa nusukaputi aliowahoji. Wengi walilalamika kuumwa kichwa na kuchoka. Lililoshtua zaidi ni hili: katika mimba 31 za wataalamu wanawake, mimba 18 ziliharibika. Mwaka 1974 chama cha wataalamu wa nusukaputi wa Marekani kilitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa, ambao dodoso zake zilipelekwa kwa watu zaidi ya 70,000. Hapo pia ilionekana kwamba wanawake wanaofanya kazi katika vyumba vya upasuaji waliharibikiwa na mimba kuliko wenzao wasiofanya kazi humo.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba uchunguzi wa aina hiyo una udhaifu wake. Ulitegemea kumbukumbu za watu, na aliyepatwa na msiba hukumbuka zaidi kuliko aliyesalimika. Tena wakati ule gesi zenyewe hazikupimwa, kwa hiyo hakuna aliyejua nani alivuta kiasi gani. Hilo ndilo fundisho la kwanza la mazungumzo yetu: pasipo kipimo, hata wataalamu hubaki wakibishana.

Lakini ulikuja uchunguzi mwingine uliokwenda mbele hatua moja. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake wasaidizi wa waganga wa meno katika jimbo la California. Wale waliofanya kazi na naitrasi oksaidi kwa saa 5 au zaidi kwa wiki, mahali ambapo gesi haikuondolewa kwa bomba, uwezekano wao wa kushika mimba katika kila mwezi ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 60. Wale ambao gesi yao iliondolewa kwa bomba hawakuonyesha upungufu huo. Sikiliza vizuri, ndugu msikilizaji: kazi ni moja na gesi ni moja, tofauti ni bomba. Na mwaka 2008 uchunguzi wa madaktari wa mifugo wanawake wa Australia ulionyesha kwamba wale waliokaa katika gesi isiyoondolewa kwa saa moja au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ya kuharibikiwa na mimba iliyokaribia mara mbili na nusu ya wenzao.

Kwa ajili ya mashaka hayo, nchi mbalimbali ziliweka viwango. Mwaka 1977 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza kwamba naitrasi oksaidi isizidi sehemu 25 katika sehemu milioni za hewa, kwa wastani wa muda wote gesi inapotolewa. Halotheni na jamaa zake zisizidi sehemu 2 katika milioni kwa kipindi chochote cha saa moja, na zikitumika pamoja na naitrasi oksaidi zisizidi nusu sehemu. Uingereza nayo mwaka 1996 ilichukua njia nyingine. Iliweka wastani wa saa 8: halotheni sehemu 10, isoflureni sehemu 50, na naitrasi oksaidi sehemu 100. Usishangae tofauti hizo. Wamarekani walichagua kiasi kidogo kabisa ambacho vyombo vya wakati ule viliweza kukipima, kwa kuwa hawakuweza kutaja kiasi kilicho salama. Waingereza walipima ushahidi wa madhara wakaona wanaweza kulegeza. Ila wote wawili walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba lazima kiwepo kikomo, na kikomo hicho kipimwe.

Pengine msikilizaji utauliza, sehemu 2 katika milioni ni kiasi gani? Tuchukue chumba cha upasuaji chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 5, na dari ya mita 4. Chumba hicho kina lita 100,000 za hewa. Sehemu 2 katika milioni ya hewa hiyo ni mvuke wa mililita 200 tu, kiasi kisichojaza chupa ya soda. Sasa halotheni ya maji, ukiimwaga mililita moja, hugeuka mvuke wa zaidi ya mililita 200. Maana yake ni kwamba mililita moja ikidondoka sakafuni wakati wa kujaza mashine, imetosha kukifikisha chumba kizima kwenye kikomo cha Wamarekani. Kijiko kimoja cha chai, ambacho ni mililita 5, hukipitisha hata kile kikomo cha Waingereza cha sehemu 10, mpaka hewa mpya iingie.

Wako watu watakaosema, sisi tuna pua, gesi ikivuja tutainusa. La hasha. Pua ni mlinzi anayechelewa kuamka. Mtu wa kawaida akiisikia harufu ya halotheni, basi huwa imekwisha kuzidi mara nyingi zile sehemu 2. Naitrasi oksaidi harufu yake ni hafifu mno, haimshtui mtu. Tena pua huzoea: anayeshinda na harufu tangu asubuhi, mchana haisikii tena. Wengine hutegemea barakoa ya upasuaji. Hiyo imeshonwa kuzuia mate na vijidudu. Gesi hupita kama maji yanavyopita katika tenga.

Kwa hiyo gesi hupimwaje? Njia ya kwanza, iliyo rahisi, ni beji. Ni kibati kidogo chenye kitu kinachonasa gesi ndani yake: mkaa maalumu kwa halotheni na jamaa zake, na aina nyingine ya kichujio kwa naitrasi oksaidi. Mfanyakazi huibandika kwenye ukosi wa nguo yake, karibu na pua na mdomo, kwa sababu tunataka kujua anachokivuta yeye. Ikibandikwa kiunoni au ikitundikwa ukutani itatoa habari za kiuno na za ukuta. Huvaliwa kwa muda unaojulikana, huandikwa saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa, kisha hufungwa barabara na kupelekwa maabara. Maabara hurudisha jibu la wastani wa muda ule.

Njia ya pili ni mashine inayopima papo hapo kwa miali ya infraredi. Hii haingoji maabara. Fundi hutembea nayo chumbani, huisogeza kwenye kila kiungo cha mpira, kila valvu na kila mtungi, akitazama namba zikipanda na kushuka. Beji humwambia mfanyakazi amevuta kiasi gani. Mashine hii humwonyesha fundi gesi inatokea wapi. Moja haichukui nafasi ya mwenzake.

Jibu la kipimo lazima lisomwe kwa akili. Mtu akivuta sehemu 6 kwa saa 4 za asubuhi, na mchana asivute kitu, wastani wake wa saa 8 ni sehemu 3. Kwa kipimo cha Waingereza cha halotheni yuko salama. Kwa kile cha Wamarekani alivuka kikomo asubuhi nzima. Namba isiyoandikiwa muda, aina ya dawa, aina ya upasuaji na jina la chumba ni namba bubu. Wala vipimo visiishie chumba cha upasuaji. Chumba cha kuzindukia ni cha kuangaliwa pia, maana mgonjwa anayeamka bado anatoa dawa kwa pumzi, na muuguzi humwinamia usoni amwite jina lake.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hulikosea. Chumba kina kiyoyozi, madirisha yamefungwa, baridi ni nzuri, basi watu hudhani hewa ni safi. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hupoza hewa ile ile iliyomo chumbani na kuirudisha. Hakileti hewa mpya. Tufanye hesabu ya chumba chetu kile cha lita 100,000. Mashine ikitoa lita 4 za hewa kwa dakika zenye halotheni ya asilimia moja, na zote zikimwagika chumbani, ni mililita 40 za mvuke kila dakika. Kama hewa yote ya chumba hubadilishwa mara 15 kwa saa, kiasi cha halotheni kitatulia chini kidogo ya sehemu 2 katika milioni. Kama hubadilishwa mara moja tu kwa saa, kitapanda taratibu hadi karibu sehemu 24. Ni mashine ile ile na mgonjwa yule yule. Na huo ni wastani wa chumba. Karibu na uso wa mgonjwa ni zaidi.

Tusiwasahau madaktari wa mifugo. Wengi hutumia sindano, hasa shambani kwa ng'ombe na mbuzi, na hapo suala hili ni dogo. Lakini katika hospitali za wanyama za vyuo na kliniki za mijini gesi hutumika, na matatizo yao ni ya namna yake. Paka mkali hutiwa katika sanduku na gesi hupulizwa humo mpaka alale. Sanduku likifunguliwa, gesi yote humrukia aliyelifungua. Mbwa huvalishwa kifuniko cha uso kilichotengenezwa kwa sura nyingine, na pembeni hubaki nafasi. Tena kliniki nyingi ni chumba kimoja kidogo, na msaidizi ndiye anayeshika mnyama, anayeangalia mashine na anayesafisha. Baadhi yao hutumia kopo la mkaa kunasa gesi. Ni msaada mzuri, lakini lina mipaka miwili. Halinasi naitrasi oksaidi hata kidogo. Na likishashiba huacha kunasa, bila kubadilika sura. Dawa yake ni mizani: lipimwe uzito likiwa jipya, uandikwe juu yake, na litupwe likiongezeka kwa kiasi alichotaja mtengenezaji, ambacho kwa mengi ni gramu 50.

Najua jibu litakalotoka kwa waganga wakuu wengi. Watasema hospitali haina fedha ya dawa za malaria, itapata wapi fedha ya beji na maabara? Ni hoja ya kweli, na siidharau. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa nyingi za gesi huzibwa kwa gharama ndogo. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine yenye mfuko ifungwe valvu, mdomo wa mpira uzibwe kwa kidole gumba, ijazwe hewa mpaka shinikizo la sentimita 30 za maji, kisha mtu ahesabu sekunde 10 akitazama geji. Mshale ukishuka, kuna mahali panapovuja. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye viungo yatatoa povu hapo hapo. Mpira uliopasuka ubadilishwe. Dawa ijazwe mwisho wa siku, watu wakiwa wachache na madirisha yakiwa wazi. Gesi isifunguliwe kabla barakoa haijakaa usoni pa mgonjwa.

Na mpira wa kutolea pumzi upelekwe nje, uwe mpana, mfupi, usiokunjika, ili mgonjwa asitoe pumzi kwa shida. Mwisho wake usiwe chini ya dirisha la wodi wala karibu na benchi wanapokaa watu. Kazi hii ifanywe na fundi anayejua, maana anayechomeka mpira huo moja kwa moja kwenye mashine ya kufyonza anaweza kumfyonza hata mgonjwa pumzi yake. Baada ya yote hayo, ndipo beji chache zinunuliwe, zivaliwe na wale walio karibu zaidi na gesi, ili tujue kama matengenezo yetu yamefaa. Ikiwezekana, vipimo virudiwe mara mbili kwa mwaka, na kila mashine au chumba kinapobadilishwa.

Sheria nazo zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2007. Zote zinamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Ile ya Kenya inataka iwepo kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Hospitali ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo. Mfanyakazi akiomba kuona matokeo ya vipimo vya hewa anayoivuta, asionekane mkorofi. Na muuguzi mja mzito akiomba ahamishwe kwa muda kutoka chumba kisicho na bomba la gesi, asiambiwe kwamba mbona wenzake walizaa salama. Wenzake wale hatujui walivuta kiasi gani. Wala hatujui wangapi miongoni mwao walipoteza mimba wakanyamaza, wakidhani ni kazi ya Mungu tu.

Ndugu msikilizaji, hapa sitaki kumtisha mtu. Mgonjwa asikimbie upasuaji kwa sababu ya maneno haya. Nusukaputi ni neema, na bila hiyo tungerudi kwenye siku za kufungwa kamba na kuuma kipande cha mti. Wala anayefanya kazi katika chumba chenye hewa nzuri na bomba zima asikose usingizi. Tatizo ni kwamba wengi hawajui kama chumba chao ni cha namna hiyo au siyo. Hawajui kwa kuwa haijapimwa. Hospitali yenye daftari la joto la friji ya chanjo, inayoandika asubuhi na jioni, haishindwi kuwa na daftari la hewa ya watumishi wake.

Basi wewe uliye mganga mkuu, au mwenye kliniki ya mifugo, kesho ukifika kazini ingia chumba cha upasuaji uulize maswali matatu. Pumzi ya mgonjwa inatokea wapi? Hewa mpya inaingilia wapi? Na mara ya mwisho hewa hii ilipimwa lini? Ukikosa jibu la swali la tatu, umepata kazi ya kuanza nayo wiki.